Jibu la Mfagiaji

...hakuona vizuri, andika hivyo, shahidi hakuona vizuri, anasema hakimu huku akipapasa meza kutafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake mwenyewe, mlango wa ofisi umefungwa, kesi itaendelea saa nane na sasa ni saba na nusu, na karani ameshaweka vidole kwenye kibodi kama alivyoviweka miaka kumi na tisa, vidole havina maoni, alimwambia mkewe hivyo mwaka ule wa kwanza, mimi nachapa tu, maneno yana wenyewe, lakini leo vidole havishuki, vimening'inia kama mguu wa kuku aliyesahau hatua, na kwenye skrini jibu la yule mama mfagiaji wa kituo cha polisi bado lipo, mstari mzima, nilimwona mkuu wa kituo akitoka mahabusu alfajiri, amekunja mikono ya shati, akaniambia leta maji uoshe haraka... mama mfupi, kandambili moja imeungwa kwa waya, akaulizwa mkuu huyo yuko wapi, wala hakupepesa macho, "Si yule pale, aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba," watu nusura wacheke, kisha wakakumbuka kuwa fundi baiskeli wa kesi hii aliingia mahabusu kwa miguu yake na akatoka amebebwa, na wakili wa mkuu akamwinamia kwa sauti ya asali, "Mama, unajua kazi yako iko hatarini?" naye, "Baba, kazi nimeshaiacha. Jana nilirudisha fagio," kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni... "Karani, umelala?" Hapana mheshimiwa, mashine nzito kidogo, uongo wa kwanza kwa leo, na hakimu anaguna, "Funika kombe mwanaharamu apite, bwana, mimi na wewe tunakaribia kustaafu," na ni kweli, si mtu mbaya hakimu huyu, alimchangia mazishi ya mama yake, anauliza watoto hawajambo, na ndiye huyuhuyu aliyesema kwa sauti hiihii, kwenye kesi ya wizi miaka ile, kata hapo, andika shahidi alisitasita, kumbe shahidi hakusitasita hata kidogo, alisema si huyu, mwizi namjua na si huyu, naye karani akakata, akaandika, akaenda kula, na huyo aliyetajwa si huyu alikuwa shemeji yake karani, mume wa dadake, akafungwa miaka minne... dada hakulia, hakumfukuza, siku alipokwenda kumpa pole alisema tu, karani amefika, mpeni kiti, na mpaka leo ni karani, karani chai hiyo, karani salamu za nyumbani, neno kaka limekauka kinywani mwake, mama alipokuwa hai aliuliza mmegombana nyie, wakajibu kwa pamoja hapana... Na wanne waliomtangulia mfagiaji kizimbani, aliwachapa wote, sikuona, sikusikia, nilikuwa nimelala, nilikuwa nimelala, hata alishaanza kuchapa nilikuwa nimelala kabla mtu hajafungua mdomo, halafu akaja yule mama na fagio lake alilorudisha, na alipoteremka tu mpika chai wa kituo akasimama nyuma kabisa, hakuna aliyemwita, kofia imekunjwa mkononi kama kitambaa cha kufutia vyombo, "Mheshimiwa, mimi nilisema nililala. Sikulala," na askari wa mlangoni akakohoa, akakohoa tena, "Na mimi nilikuwa zamu," ndipo hakimu akagonga meza, mapumziko... Hao wawili wamesimama juu ya nini? Karani anautazama mstari, maneno kumi na sita, anayahesabu kwa mazoea, wamesimama juu ya huu, ukifutwa mpika chai atakuwa amelala tena, askari hakuwa zamu, mama atakuwa amerudisha fagio bure, na kufuta ni kitufe kimoja tu, kiko kulia, kimechakaa kuliko vyote kwenye kibodi hii, hilo ndilo analoliona sasa, maandishi yake yamefutika, na ni kidole chake kilichoyafuta, si cha hakimu... Yeye si shujaa, nyumba anayokaa ni ya serikali, binti yuko mwaka wa pili chuoni, hawezi kunyoosha kidole mbele ya watu, hata sauti hana, ila anajua taratibu, miaka kumi na tisa hakujifunza kingine, na taratibu zinasema neno la shahidi likibadilishwa, anayelibadilisha ndiye... "Bwana wee, saa inakwenda," anasema hakimu, miwani sasa ameipata, na karani anasikia sauti nyembamba ikitoka, anaitambua baadaye kidogo kuwa ni yake, "Mheshimiwa, naomba hayo uniandikie kwa mkono wako, na utie sahihi. Nitayachapa kama yalivyo," feni inazunguka, vidole viko palepale vilipokuwa, hakimu anamtazama kama anayemwona leo, na kalamu iko mezani kati yao, karibu zaidi na hakimu, hakuna anayeigusa...