Kuwamba Sauti ya Dada

Mume wa Bisibisi alikuwa amekula na sahani mapajani wiki nzima, wala hakuwa na wa kumlalamikia, maana meza ya chakula ilikuwa imetekwa. Juu yake palikuwa na bamba la alumini lililotobolewa duara katikati, skrubu zilizolizunguka duara hilo, spika ndogo iliyolazwa chali, tochi iliyofungwa kwenye kikombe kwa utepe, na mpira wa sufuria ya presha uliong'olewa jikoni bila ruhusa ya mtu.

"Na maharage tutapikaje?" aliuliza siku mpira ulipotoweka.

"Taratibu," mkewe akamjibu bila kuinua macho.

Jina la Bisibisi alipewa na dada yake utotoni, alipoifumua saa ya ukutani ili amwone anayegonga ndani. Ukubwani likawa jina la kazi. Alikuwa fundi wa vyombo vya sauti, fundi kwelikweli, na hakuwa na haya ya kulisema mwenyewe pale wengine walipochelewa kulisema. Ila safari hii kazi haikuwa ya mteja. Maikrofoni iliyofunguliwa juu ya kitambaa cheupe ilikuwa ya Dada.

Dada alikuwa msomaji wa hadithi redioni. Alizisoma nyumbani kwake, ndani ya chumba alichokitundika mablanketi, akazituma kituoni. Hivi karibuni mkuu wa vipindi alikuwa amemwita, akamwambia kwa upole wa kuudhi kwamba sauti yake imechakaa, inakwaruza, na asipoleta sampuli inayosikilizika kipindi kitapewa msomaji mwingine. Dada akarudi amenywea. Aliyaamini maneno yale.

Bisibisi hakuyaamini hata chembe. "Sauti yako haina ugonjwa," alisema. "Kinachokwaruza ni maiki. Niachie mimi."

Alipoifungua aliona kwamba hakukosea. Ndani ya maiki mlikuwa na viwambo viwili, vipande vya plastiki nyembamba iliyopakwa dhahabu, ambavyo sauti ikivigonga ndipo maiki inaposikia. Cha mbele, kilichopokea pumzi za Dada miaka yote hiyo, kilikuwa kimelegea, kikigusa chuma kila lilipopita neno zito. Cha nyuma, ambacho hakuna aliyewahi kusema nacho, kilikuwa kizima. Cha kununua hakikupatikana popote. Plastiki yenyewe aliipata. Kilichokosekana ni chombo cha kuiwambia, basi akaamua kukiunda.

Plastiki ya namna hiyo haitaki pupa. Ukiivuta kwa vidole inafanya makunyanzi, ukiibana kwa chuma kitupu inachanika. Ndipo ule mpira wa sufuria ulipopata ajira mpya: uliishika pande zote bila kuiumiza, na skrubu zikaivutia chini ya ukingo wa duara, kama ngozi ya ngoma. Vipande vya kwanza vilimharibikia kwa sababu alikaza skrubu moja, kisha jirani yake. Akajifunza kukaza hii, kisha ile inayoitazama ng'ambo, kidogo kidogo, huku amejifunga kitambaa mdomoni kama daktari wa upasuaji. Mumewe akipita alitembea kwa ncha za vidole. Kukohoa aliendea uani.

Kupima mkazo lilikuwa jambo alilojivunia kuliko yote. Tochi iliimulika dhahabu, dhahabu ikatupa doa la mwanga ukutani. Spika ikatoa mlio unaopanda polepole. Doa lilikaa limetulia tuli, mpaka mlio ulipoufikia mkazo wa kiwambo, hapo likaanza kutetemeka. Kiwambo cha nyuma alikuwa ameshakipima hivyo hivyo na mlio wake anaujua. Kazi ikawa ni kukifikisha kipya pale pale na kuacha.

Akakifikisha. Akakikata, akakifunga mahali pake, akamwita Dada asome ukurasa mmoja. Dada akasoma, kisha akaenda jikoni kuchemsha chai. Bisibisi akavaa vipokea sauti masikioni na kusikiliza peke yake.

Mkwaruzo ulikuwa umekwisha kabisa. Lakini sauti ilikuwa nzito, ya chini, ikikauka kidogo mwishoni mwa sentensi. Akatafuta kaseti ya zamani ya Dada akiwa msichana, akalinganisha. Hazikufanana. Akajiambia kwamba kiwambo cha nyuma nacho lazima kimelegea kwa uzee, ndiyo maana kimempotosha. Aliamua hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye hajakosea siku nyingi. Akawamba kipande kingine, akaupita ule mlio, akaongeza mkazo tena, mpaka sauti iliyotoka ikawa nyembamba na inayong'aa, karibu sawa na ya kwenye kaseti.

"Sikiliza," akamwambia Dada, uso umejaa tabasamu.

Dada akasikiliza. Akavivua vipokea sauti polepole.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi huyu? Huyu anaongea kama amebanwa pua." Akacheka, kisha akaacha kucheka alipouona uso wa mdogo wake. "Mdogo wangu, huyo msichana alishakwenda zake. Mimi mwenyewe simtafuti. Wewe unamtakia nini?"

Bisibisi akaishika ile kaseti. Mama yao alifanya kazi za zamu, na ni Dada aliyemlea jioni zote zile, akimsomea mpaka usingizi umchukue. Sauti ile nyembamba ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Aliogopa. Sauti ikizeeka, mwenye nayo anazeeka, na yeye hakuwa tayari.

"Nilitaka urudi ulivyokuwa," akasema.

"Niko hapa," Dada akasema, akivuta kiti. "Haya, kaza hayo maskrubu yako vizuri, mimi nimimine chai."

Bisibisi akawamba kipande kipya. Hii, kisha ya ng'ambo. Kaseti ilikuwa imerudi kabatini, na kipimo kilikuwa doa la mwanga peke yake. Lilipotetemeka kwenye mlio ule ule wa kiwambo cha nyuma, akaondoa mkono. Dada akasoma. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyelea, aliyezika, aliyecheka sana, na kila neno lilifika likiwa zima. Mume alisimama mlangoni na sahani yake hadi ukurasa ukaisha, chakula kikapoa.

Sampuli ikatumwa kituoni, na siku ya pili yake mkuu wa vipindi akapiga simu. Dada alikuwa hapo hapo mezani, akaiweka simu kwenye spika ili wote wasikie.

"Kipindi kinabaki chako," mkuu akasema. "Nilikosea, naomba radhi. Ila vijana wangu hapa wana kompyuta, wanaweza kuilainisha sauti kidogo. Iwe kama ile ya zamani, unakumbuka?"

Dada akafungua mdomo, lakini Bisibisi alikuwa ameshaiinamia simu.

"Msiiguse," akasema. "Hiyo ndiyo sauti yake. Nimeipima mwenyewe."

Dada akamtazama mdogo wake, kisha akaivuta simu karibu.

"Umemsikia fundi," akasema.