Plasta kwenye Taa ya Njano

Nesi aliiona plasta wakiwa nusu ya safari. Kipande cheupe kwenye dashibodi, kimebandikwa kwa ustadi, pembe zote nne zimelala. Aliitambua papo hapo. Ilitoka kwenye mkoba wake wa kazini.

"Baba watoto, hii nini?"

"Ipi?" Mumewe alikaza macho barabarani, yeye ambaye siku zote huangalia kila kitu isipokuwa barabara.

Akaibandua. Chini yake ikachomoza taa ya njano ya kuonya upepo wa matairi: umbo la tairi lililo wazi juu, katikati alama ya mshangao.

"Ah, hiyo! Inawaka tangu Jumapili. Sensa ya matairi imechoka tu, ikawa inanichoma macho."

"Tangu Jumapili. Leo Alhamisi, na umempakia mama yangu!"

Mama alikuwa kiti cha nyuma, amekumbatia bahasha ya hospitali. Miezi saba alisubiri zamu ya kutolewa mtoto wa jicho. Mwisho wa kufika ni saa tatu. Akichelewa, jina linarudi mkiani mwa foleni, na jicho la pili nalo lilishaanza ukungu.

"Punguza mwendo," nesi alisema. "Usifunge breki ghafla. Ingia kituo kile cha mafuta."

"Tutachelewa. Gari linatembea vizuri, halilalamiki."

"Halilalamiki? Si umeliziba mdomo! Mgonjwa wangu akilia kwa maumivu, nimbandike plasta mdomoni, niandike kwenye faili kwamba amepona?"

"Mkwe wangu," mama alisema taratibu, "mimi sioni vizuri, lakini gari hili linavuta upande wangu tangu tutoke nyumbani."

Mkwe akaingia kituoni.

Fundi wa matairi alifungua mlango wa dereva, akasoma kibandiko cha kiwango cha upepo: thelathini na mbili. Akapima. Matairi matatu yalikuwa sawa. La nyuma kushoto, chini kabisa ya kiti cha mama: kumi na nne. Alipoligusa ubavuni akarudisha mkono haraka.

"Linaungua hili, kaka. Mngeshika barabara kuu, lingepasuka."

Akachomoa msumari, akaziba tundu, akajaza upepo, akasisitiza walirudishe jioni alikague kwa ndani.

"Msumari wenyewe mdogo hivi," mume alisema, akijaribu kucheka. Akacheka peke yake.

"Funguo," nesi alisema. "Wewe nenda nyuma."

Saa mbili na dakika thelathini na tano. Alitoka kituoni meno yameumana. Taa bado inawaka.

"Unaona? Nilisema sensa—"

Gari likashika mwendo, taa ikazimika. Sentensi ya mume nayo ikazimika hapo hapo.

Walifika saa tatu kasoro dakika nne. Nesi alimkokota mama hadi dirishani, jina likaitwa, mlango ukafungwa. Ndipo alipokaa benchini, hasira bado haijamtoka.

Mchana mama alitoka, jicho moja limefunikwa bandeji. Mkwe akakimbia kumshika mkono.

"Pole, mama. Kumbe na wewe umebandikwa!"

"Mimi walinitibu kwanza, mkwe wangu," alisema mama. "Ndipo wakabandika."

Nesi hakucheka. Alifungua mlango wa mbele, akamkalisha mama, kisha akamwonyesha mumewe kiti cha nyuma kwa kidole.