Hatifungani Aliyoificha Deusdedit

Deusdedit alikuwa karani wa kampuni ya meli bandarini Durban. Rafiki yake Ezéchiel, mkimbizi kutoka Uvira, alitengeneza simu kwenye kibanda mjini. Walichopenda wote wawili ni karatasi kuukuu: hatifungani ambazo Wapolandi waliokuwa uhamishoni waliziuza katika karne ya kumi na tisa, wapate fedha za kuikomboa nchi yao. Aliyenunua aliahidiwa kulipwa nchi ikishakuwa huru.

Ezéchiel ndiye aliyeanza. Ya kwanza aliikuta ndani ya kitabu cha mtumba. "Hawa watu hawakuwa na nchi," alimwambia Deusdedit, "lakini waliahidi kwa jina la nchi." Tangu hapo Jumamosi zao zikawa za kupekua maboksi ya vitabu. Walipata sita. Waliyoitamani zaidi, yenye picha ya tai na sahihi tatu, hawakuiona popote.

Kisha mjane mmoja wa mtaa wa Berea aliyekuwa akihama alimwita Deusdedit aangalie karatasi za marehemu mumewe. Ile ya tai ilikuwamo. Aliinunua, akaifungia kabatini, asimwambie Ezéchiel. Alitaka walau mara moja awe na kitu ambacho mwenzake hana. Atasema wiki ijayo, alijiambia. Ikapita miaka miwili.

Ezéchiel alipopata kibali cha kuhamia Kanada na familia yake, alikuja na bahasha. "Hizi sita zibaki kwako, ndugu yangu. Ile ya tai ukiipata, zitakuwa pamoja."

Deusdedit alishindwa kuipokea. Alifungua kabati, akaiweka hatifungani mezani.

Ezéchiel aliishika kwa ncha za vidole, akasoma sahihi zote tatu. "Iko nawe tangu lini?"

"Miaka miwili. Ichukue, ni yako."

"Hapana. Ningefurahi hata kuiona tu kwako." Hakupandisha sauti. "Mwaka jana tulienda kuitafuta mpaka Pinetown na mvua, mimi nina homa. Ulijua hatutaipata."

Akairudisha mezani, akachukua bahasha yake, akaondoka.

Siku ya safari Deusdedit alikwenda uwanja wa ndege. Ezéchiel alimpa mkono, akamtakia kazi njema. Kutoka Kanada hujibu kila ujumbe wa kuomba radhi, kwa maneno machache ya heshima, kama anavyojibiwa mteja. Deusdedit angependa zaidi atukanwe. Jumamosi siku hizi hukaa nyumbani.