Kofi la Magharibi

Mchana kutwa Muzdalifa alikuwa mtu wa makofi. Alisomesha watoto wadogo katika skuli moja ya chekechea huko Amani. Mtoto akitaja rangi ya embe, makofi. Akivaa kiatu mwenyewe, makofi tena, mpaka viganja vikamuwasha. Jioni, akirudi kwao Kikwajuni, kofi moja tu lilimshinda.

Baba yake, Maalim Wakil, aliyesomesha chuo cha Kurani umri wake wote, alipatwa na kiharusi. Mguu ulipona, kumbukumbu ndiyo haikurudi sawasawa. Msikitini hawezi tena kwenda, njia humpotea, akawa anamswalisha binti yake ukumbini, maana nyumba haina mwingine. Na imamu akikosea, mwanamume aliye nyuma yake husema "Subhanallah". Mwanamke hapazi sauti, hupiga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Muzdalifa alilijua hilo tangu utotoni, na aliyemfundisha ni huyo huyo baba.

Kujua ni kitu kimoja; kupiga, haya jaribu wewe! Siku ya kwanza baba aliposahau sijida, mikono ilimganda kifuani. Na siku nyingine vilevile. Akawa, salamu ikishatolewa, anajifungia chumbani na kuirudia swala kimyakimya, kama mwizi ndani ya nyumba yao. Aliona kofi lile lingemwambia baba yake: umekwisha. Na mzee asiyebakiwa na kitu ila uimamu wake, ukimvua huo, umemwachia nini? Kaka yake, Ridhwan, alimwambia kwenye simu bila ya kupindapinda, "Mwambie asiswalishe tena, basi." Muzdalifa akamkatia simu.

Jioni hiyo waliswali magharibi. Rakaa ya tatu ilipomalizika, baba, badala ya kukaa, aliinuka. Ya nne, kwenye magharibi! Muzdalifa alibaki chini, akiyatazama mabega ya baba yaliyotulia, hayana habari. Ee Mola wangu. Akapiga.

Kofi lilitoka dogo, kavu, na ukumbi mzima ukalisikia.

Baba alisita. Kisha akarudi chini taratibu, akasoma tahiyatu, akasujudu sijida mbili za kusahau, akatoa salamu. Hakugeuka. Muzdalifa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Muzdalifa."

"Naam, baba."

"Jana mbona hukupiga?"

"Kumbe ulijua?"

"Nlishuku. Kila siku nnakungoja uingie chumbani, halafu nairudia swala peke yangu. Nasema, labda wasiwasi tu. Ningekosea, mwanangu angepiga. Kukuuliza naogopa. Na wewe kimya. Sikujua nikamate lipi."

"Na mie nairudia, baba. Huko huko chumbani."

Sasa aligeuka. Wakatazamana, kila mmoja na swala zake za kujificha, na baba ndiye aliyeanza kucheka, mabega yakimtikisika. Muzdalifa akacheka na machozi yakimtoka. Alhamdulillahi, alisema moyoni, alhamdulillahi.

"Kwenye swala ya isha, sogea mbele kidogo," baba alisema, akijifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Sikio la kushoto halisikii vizuri siku hizi. Na upige kwa nguvu, mwanangu. Usinibembeleze."