Baiskeli Inakwenda Unakotazama

Usiku wa kuamkia jana niliota baiskeli yangu inakohoa sebuleni, kikohozi kile cha mtu mzima anayebisha hodi kwa adabu. Nikatoka chumbani. Ilikuwa imesimama palepale ninapoiweka kila siku, kati ya kabati la vyombo na pazia, imegeuzia hendeli yake mlangoni.

"Bosi," ikasema, "twende kwa mama yako mkubwa."

Sikushangaa. Ndotoni mimi huwa sishangai, kazi hiyo huianza nikishaamka. Nilichouliza ni kama imekunywa chai.

"Mimi ni baiskeli," ikajibu. "Chai ya nini?"

Kweli ni baiskeli, tena ya changarawe. Matairi yake mapana yana meno, na hendeli yake imenyooka moja kwa moja, si ile iliyopinda chini kama pembe za kondoo wanayoipenda waendesha mbio za lami. Aliyeniuzia alisema imetengenezwa kwa ajili ya njia mbovu, zile za mawe na mizizi na makorongo. Niliinunua kwa sababu ya njia moja tu, ile ya kupanda kwetu milimani Upareni, kwa mama mkubwa Nanzia, aliyenilea tangu mama yangu afariki. Tangu niinunue, kila Jumamosi naifuta vumbi. Haijatoka Moshi hata siku moja.

Wiki iliyopita Nakijwa, binti yake mama mkubwa, alinipigia simu. "Kaka Mbonea, mama ameanza kusahau watu. Juzi kaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Njoo akuone wakati bado anakujua."

Nikampigia mama mkubwa hapohapo, nikamwambia nataka kuja. Akasema lile analosema siku zote: "Usijisumbue, mwanangu, njia mbaya." Nami nikafanya lile ninalofanya siku zote. Nikamtii.

Basi tukatoka, mimi na baiskeli, nikiwa na nguo za kulalia. Tulipofika barabara kuu magurudumu yakaanza kulegea.

"Una nini?" nikauliza.

"Lami," ikasema kwa sauti ndogo. "Mimi nimetengenezwa kwa ajili ya njia mbovu. Aliyekuuzia hakukwambia?"

"Aliniambia. Nilidhani anaisifia bidhaa."

"Alikuwa anakupa masharti," ikasema, ikazimia.

Naibeba begani. Jua limeshatoka, magari yananipita, na watu wote wananipa pole. Mzee mmoja mwenye mwavuli ananisimamisha na kuniuliza mgonjwa ni nani kwangu. Namwambia ni baiskeli yangu. Anavua kofia, anasema Mungu atampa nafuu.

Niliibeba mpaka chini ya milima, lami ilipokatika na vumbi jekundu likaanza. Baiskeli ikanusa vumbi, ikafumbua macho. Sikujua kama ina macho.

"Sasa panda," ikasema. "Ila nina sharti jingine. Mimi nakwenda unakotazama. Sikusema unakotaka. Unakotazama."

"Hata wanaofundisha kuendesha kwenye mawe wanasema hivyo," nikajitia ujuzi.

"Wao wanasema. Mimi nafanya."

Nikapanda. Macho yangu yakaenda kwenye paa la bati lililokuwa linang'aa ng'ambo ya korongo, na palepale tukawa juu ya bati hilo. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anaanika nguo. Akatutazama kwa upole.

"Karibuni," akasema, "ila mlango uko chini."

Nikaomba radhi. Halafu nikafanya kosa lililonigharimu. Nikakumbuka kwamba sikufunga mlango wa nyumba yangu, nikageuka nyuma kutazama. Kufumba na kufumbua tuko Moshi sokoni, katikati ya meza ya nyanya, na muuza nyanya anauliza tunataka fungu au tunataka kilo.

Ikabidi niibebe tena, lami yote ile. Yule mzee wa mwavuli nikakutana naye palepale. Akatikisa kichwa.

"Bado hajapata nafuu?"

"Bado, mzee."

"Na wewe unachelewa sana," akasema. Hilo liliniuma, kwa sababu hakuwa amekosea.

Safari hii nilipopanda baiskeli nilikaza macho mbele. Njia ikaanza kupanda. Zamani nilipokuwa shule nilishuka njia hii na kuipanda, na ninaikumbuka vizuri. Ilikuwa pana, udongo mzuri, lori la tangawizi lilipita bila shida. Sasa imejaa mawe. Mawe makubwa, mawe madogo, mengine yamekaa katikati ya njia kama wazee wa kikao, na kati yao hapana hata pa kuweka mguu.

"Mvua imeharibu sana huku," nikasema.

"Mvua gani?" ikasema baiskeli.

Tukalifikia jiwe la kwanza. Nikalitazama, na kwa hiyo tukalipanda, matairi yakauma, fremu ikalia kidogo. Tulipokuwa juu yake jiwe likasema, kwa sauti ya mama mkubwa hasa, na kile kicheko chake kidogo mwishoni:

"Usijisumbue, mwanangu, njia mbaya."

Nikashika breki.

"Shikamoo," nikasema, maana sauti ile siwezi kuisikia nikanyamaza.

"Marahaba. Mimi ni jiwe la Pasaka."

"La Pasaka gani?"

"Ile uliyopiga simu ukasema unataka kuja na mchele. Mama mkubwa akasema usijisumbue, ukasema haya mama. Ulipokata simu nikadondokea hapa." Jiwe likajisogeza kidogo ili nisitelezee upande wa korongo. "Yule pale mbele yangu ni wa Krismasi. Yule mpana ni wa siku aliyoumwa mguu. Wadogo wadogo ni wa Jumapili za kawaida."

Nikatazama juu. Mlima wote ulikuwa mawe.

"Kumbe njia yenyewe haikuwa mbaya?"

"Kabla yetu? Ilipita gari la harusi, na bibi harusi hakuchafuka hata ushungi."

Nilitamani kukaa chini. Nikaliuliza kwa nini basi mama mkubwa alikuwa anasema njia mbaya.

"Kwani ulitaka aseme nini? Aseme njoo, nimekukumbuka, nalala nikiusikiliza mlango? Mtu mzima yule, ana haya zake. Alisema usijisumbue ili wewe useme nakuja hivyo hivyo. Kila mtu wa huku anajua kwamba hivyo ndivyo anavyojibiwa."

"Mimi nilidhani namheshimu."

"Tunajua," likasema jiwe la Pasaka. "Ndiyo maana hatukulaumu. Tumekaa tu."

Ningependa zaidi lingenitukana.

Tukaendelea. Sijui kama umewahi kupita juu ya maneno yako mwenyewe kwa baiskeli. Kila tukipanda jiwe, sauti yake: usijisumbue, mwanangu. Kila tukishuka upande wa pili, sauti yangu, nyepesi, ya mtu mwenye haraka ya kukata simu: haya mama. Usijisumbue. Haya mama. Usijisumbue. Haya mama. Mikono ikafa ganzi kwenye hendeli. Baiskeli ilikuwa inahema, lakini haikuanguka, na mara moja ikasema kwa kujisikia kwamba ile yenye pembe za kondoo ingekwisha vunjika shingo kwenye jiwe la mguu.

Juu kidogo ndiva lilituzuia, lile bwawa ambalo wanakijiji hukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Lilikuwa limelala katikati ya njia. Likauliza tunakwenda wapi. Nikasema kwa mama mkubwa Nanzia. Likajikunja upande mmoja kama mkeka, likatupisha, likasema tufanye haraka kwa sababu leo asubuhi alilisalimia kwa jina la bwawa jingine.

Nikaiona nyumba. Nikaikazia macho yote mawili, na baiskeli ikanifikisha uani.

Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage. Nilimjua kwa kitambaa chake cha kichwani na kwa jinsi anavyotupa maharage mabovu bila kuyatazama. Nikashuka, nikainama, nikasema shikamoo mama, nikiwa nimeyashusha macho yangu kwenye mikono yake, kama alivyonifundisha mwenyewe kwamba mtu mzima hakodolewi macho. Na kwa kuwa nilitazama mikono, nikajikuta tayari nimeketi ubavuni mwa ile mikono, juu ya gunia.

"Marahaba, mgeni wangu," akasema. "Karibu. Umetoka mbali?"

Mgeni wangu. Miaka yote hiyo hajawahi kuniita hivyo.

"Natoka Moshi, mama."

"Oo, Moshi. Pole sana. Na hiki chombo chako kimechafuka, utamwingiziaje mwenye nyumba wako vumbi lote hili?" Akanyanyuka kwa taabu, akaleta beseni la maji na kitambaa, akaanza kuosha matairi, jino baada ya jino. Nikamwomba aache. Akasema mgeni hakatazi. Baiskeli ikainamisha hendeli.

Kisha akaniletea makande kwenye sahani ya bati, ya moto, yenye tui, kama nilivyokuwa nayapenda nikitoka shule. Akaweka na sahani ya pili, akaifunika.

"Hiyo ni ya nani, mama?"

"Ya mwanangu. Yuko mjini, hukohuko Moshi. Labda unamfahamu, anaitwa Mbonea."

Nikaweka kijiko chini. "Mama mkubwa," nikasema, nikiiambia mikono yake, "mimi ndiye Mbonea."

Akacheka, kicheko chema kabisa, cha kumchekea mgeni mwenye mzaha.

"Wewe baba, acha utani. Mbonea hawezi kuja. Nilimwambia asijisumbue, na yule ukimwambia neno analishika. Mtoto mtiifu sana." Akafuta sahani iliyofunikwa kwa ncha ya kanga, ingawa haikuwa na vumbi. "Nimemlea vizuri mno. Siku hizi nikikaa hapa nawaza, ningemwachia japo ukaidi kidogo. Ukaidi wa kuja tu."

Sauti yake ikakatika. Nikajua analia.

Hapo ndipo nilipopaswa kumtazama. Baiskeli ilijua kabla yangu, ikaanza kupiga kelele kule uani, ikigonga pedeli ukutani: "Bosi, mtazame! Mtazame usoni, bosi, usishushe macho!" Nami nilitaka. Wallahi nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini nimelelewa kwamba mama akilia mwanawe hamtazami, anainama mpaka amalize. Shingo yangu ikainama yenyewe. Nikatazama miguu yangu.

Miguu yangu ilikuwa Moshi, ndani ya shuka, imetoka nje kidogo kwa sababu kitanda ni kifupi.

Nilikaa kitandani muda mrefu. Kulikuwa kumeshapambazuka. Nilikwenda sebuleni, baiskeli ilikuwa kati ya kabati na pazia, safi kama kawaida. Nikaisalimia, haikuitika. Nikainama kutafuta vumbi jekundu kwenye meno ya tairi, sikuona hata chembe, nikajiambia ndoto ni ndoto, na nikachukia kwamba nimejiambia hivyo.

Simu ikaita. Alikuwa Nakijwa.

"Kaka, samahani nakuamsha. Ni mama. Tangu alfajiri ananisumbua, nimeona nikupigie labda akisikia nazungumza na mtu wa mjini atatulia."

"Anasemaje?"

"Anauliza mgeni wake wa baiskeli kama alifika salama Moshi. Nimemwambia hapa hakuja mtu, anakasirika. Anasema aliondoka katikati ya chakula, hakuaga."

Nikashika ukingo wa kabati. Vyombo vikalia ndani.

"Muulize, huyo mgeni anafananaje," nikasema.

Nikasikia Nakijwa akiuliza, na mbali kidogo sauti ya mama mkubwa ikijibu kwa kirefu. Nakijwa akarudi kwenye simu.

"Anasema hajui. Anasema alikuwa kijana mwenye adabu nyingi, muda wote kainamisha kichwa, kwa hiyo uso wake hakuuona." Akavuta pumzi. "Halafu anasema, akija tena, umwambie ainue uso. Anasema huenda ni mtu anayemjua."