Mama Mkwe na Mkaguzi wa Umeme

Umeme ulikatwa fundi cherehani akiwa katikati ya kupiga pasi marinda ya sketi ya shule. Mama mkwe wake, aliyekuwa pembeni akichambua maharage, alijifuta vumbi, akaweka kiganja juu ya kitambaa na kukiburuta taratibu. Rinda likalala, limenyooka.

"Lete jingine," akasema.

Tangu siku hiyo pasi ilikaa kabatini. Mama alilikumbatia birika mpaka maji yakachemka, na jua likizama alifungua kifungo cha juu cha gauni ili fundi apate mwanga wa kutunga uzi. Majirani walikuja kuomba moto, wakashukuru, wakaenda kupika. Shida ni kwamba kila alichokichemsha kilimla mwili. Mashavu yalibonyea. Bangili iliyokuwa ikimbana sasa ilipanda mpaka kwapani. Fundi alimpenda mama huyo kuliko alivyowahi kumpenda mwanawe, yule mume aliyeshaondoka zake, na hakutaka apungue hata kidogo. Akaenda kuomba ule msaada uliotangazwa redioni kwa nyumba zilizolemewa na bili.

Akaletwa mkaguzi, ambaye mtaani walimwita Bwana Kanuni. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Labda walimaanisha mgeni mwingine. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa, akapewa chai.

"Chai ya moto kweli," akasifu. "Mmechemshia nini?"

"Mama ndiye aliyechemsha," fundi akajibu. "Kwa mikono."

Bwana Kanuni akatikisa kichwa. "Hapo ndipo penye tatizo, dada. Msaada ni wa nyumba isiyo na chanzo kingine cha nishati. Hii inacho."

"Huyu si chanzo, ni mama mkwe wangu. Anakwisha, humwoni?"

"Namwona. Na taa hamna, kwa hiyo namwona kwa mwanga wake mwenyewe." Akafikiri, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. "Labda azimike kidogo. Nikirudi Jumatatu nikakuta giza na chai baridi, nitapitisha."

Mama akamtazama.

"Mwanangu, nimezika mume. Nimelea watoto kwa kufua nguo za watu, na sikuzimika. Leo nizimike ili wewe unionee huruma? Maliza chai yako uende."

Akaimaliza, ilikuwa tamu.

Jumatatu mama hakumngoja. Alikwenda ofisini mwenyewe, fundi nyuma yake na furushi la sketi, maana kazi za watu hazingoji. Benchi lilijaa waliokatiwa umeme kama wao. Mama akaketi katikati. Mwanamke mmoja akampa chupa ya maziwa ya mtoto aipashe moto, mzee mmoja akamsogezea magoti yenye baridi yabisi. Maafisa nyuma ya kioo walipoona mwanga unatosha, walizima taa zao ili kubana matumizi, wakaendelea kugonga mihuri ya kukataa kwa mwanga wa mama.

Wana haya gani watu hawa, sijui. Mama aligeuka akawapa mgongo, na mgongo wake ulikuwa giza tupu. Mihuri ikanyamaza. Benchi zima likacheka, mzee wa magoti akicheka kuliko wote.

Kisha maafisa waliwasha taa, wakaendelea kukataa. Hakuna aliyepata msaada siku ile.

"Mama, kesho tusirudi," fundi alimwambia njiani, akilia waziwazi. "Utaniishia."

"Nikikaa nyumbani pia nitaisha," mama akasema. "Tofauti ni kwamba nyumbani hawatanikuta mbele yao."

Asubuhi fundi alimfunga mgongoni kwa shuka, akakaza fundo. Mama alikuwa mwepesi kuliko furushi la sketi. Walipofika, watu walikuwa wamebanana kwenye benchi, wakaacha nafasi katikati.

"Niweke vizuri," mama akasema. "Mgongo uwaelekee wale wa nyuma ya kioo."