Mchicha Chini ya Tuta

Fundi aling'oa shina moja la mchicha wa mama, akaubonyeza udongo wa mizizi kiganjani. Maji yakamchuruzika katikati ya vidole.

"Mama, hapa nani anamwagilia?"

"Hakuna. Mkono wangu tu una baraka," mama akajibu kwa maringo.

Kilikuwa kiangazi kikali. Majirani walikuwa wameichoka mboga ya maharage, na mama hakuacha kuwatania kwamba wao wanalima kwa mdomo. Bustani yake ilikuwa kati ya nyumba yetu na tuta la bwawa, bwawa ambalo baba alilichimba mwenyewe kwa koleo na toroli kabla sijazaliwa. Bwawa la baba, bustani ya mama, na hakuna aliyeingilia cha mwenzake. Baba alikuwa amemwita fundi alikague tuta kabla ya mvua, basi.

Fundi alieleza taratibu, kama mtu aliyeleta habari za msiba. Bwawa lilikuwa linavuja. Maji yamejitafutia njia chini ya tuta, yanatokea kwenye mchicha. Mvua zikikolea tuta litakatika, na nyumba itakuwa ya kwanza kuondoka.

Baba akamgeukia mama. "Mama watoto, ukisema liachwe, litaachwa. Tutahama sisi."

Hakuwa anatania. Alikuwa radhi kuibomoa nyumba kuliko kumnyang'anya mkewe kile kijani chake.

"Acha mambo yako," mama akasema. "Zibeni."

Tuta lilipochimbwa, yeye ndiye aliyetangulia kuingia mtaroni, miguu mitupu, kuukanyaga udongo wa mfinyanzi hadi ukashikana. Bustani ikakauka. Alibeba ndoo msimu mmoja, magoti yakagoma. Hakulalamika hata siku moja, ila yale maringo hayakurudi tena, na mpaka leo nayatamani kuliko hata sauti yake.

Mvua zilikuja na kupita, mwaka baada ya mwaka. Tuta halikutikisika.

Tulipokwisha kumzika mama, baba alimwita tena yule fundi. Nilimshika baba mkono tukashuka hadi palepale penye bustani, sasa nyasi kavu.

"Fundi, haiwezekani livuje kidogo tu?"

Fundi alinitazama mimi kwanza. Nilikuwa naomba moyoni aseme ndiyo.

"Mzee, likianza halisimami."

"Najua," baba akasema, akiiweka sawa kofia yake. "Nilikuwa nauliza tu."